Breki Inayogoma Kuachia: Si Kila Kosa ni la Kalipa

Ukifungua kalipa ya kawaida ya breki za diski, ile sehemu inayoibana diski ya gurudumu kwa pedi mbili, ukaitandaza mezani kipande kwa kipande, kuna kitu utakitafuta usikione: springi ya kurudisha pistoni. Breki za ngoma zinazo, tena ngumu za kuvunja kucha. Kwenye diski, ukikanyaga pedali mafuta ya breki husukuma pistoni kwa nguvu kubwa mno. Ukiinua mguu, kazi ya kuirudisha imeachiwa pete moja nyembamba ya mpira. Pete hiyo ndiyo sili, na umbali inaoirudisha pistoni haufiki milimita moja. Kwa kawaida haufiki hata nusu yake.

Kwa hiyo breki hizi ni hodari wa kushika na wanyonge wa kuachia. Gari likiwa jipya unyonge huo hauonekani, kwa kuwa kila kitu ni kisafi na kinateleza. Likifika miaka kumi na tano, ishirini, kutu kidogo hapa, mpira uliovimba pale, grisi iliyokauka kwenye pini, chochote kati ya hivyo kinatosha kuishinda ile pete. Gurudumu linabaki limeshikwa hata pedali ikiwa juu. Diski inachemka, pedi zinaliwa upesi, gari linakunywa mafuta kuliko desturi yake, na ukisimama unasikia harufu kali ya kitu kilichoungua.

Hapo ndipo kalipa mpya hununuliwa. Jina lake limeshasema: kalipa hulipa, na mara nyingi hulipa deni la mwingine. Nami nimewahi kulipisha isiyokuwa na kosa. Nilibadilisha kalipa ya mbele kulia kwenye gari kuukuu, breki ikakaa vizuri siku nne tano, kisha gurudumu lilelile likaanza kuchemka tena. Nikailaani kalipa mpya kwamba ni feki. Kumbe shida ilikuwa kwenye hosi ya breki, ule mpira unaounganisha bomba la chuma na kalipa, ambao nje ulikuwa mzima kabisa na ndani umechanika.

Tangu siku hiyo nimekuwa na swali moja ninalolijibu kabla ya kununua chochote: gurudumu hili limeshikwa na mafuta, au limeshikwa na chuma? Kama ni mafuta, kuna presha iliyonaswa mahali na kukosa njia ya kurudi. Kama ni chuma, presha imeondoka lakini kuna kitu kimekwama kwa kutu au uchafu. Tiba za hayo mawili hazikutani popote, na kuyatenganisha ni kazi ya dakika chache kwa spana moja ndogo. Nitaifikia. Kwanza tuielewe ile pete.

Sili inavyofanya kazi

Sili ya pistoni haivalishwi kwenye pistoni. Inakaa ndani ya mfereji uliochongwa kwenye ukuta wa kalipa, na pistoni inapita katikati yake. Ukiikata uone umbo lake, ina pembe nne, si ya duara kama oringi. Presha ikija, pistoni inasogea mbele kidogo, na sili iliyoing'ang'ania inapinda kuifuata. Presha ikiondoka, sili inajinyoosha ilivyokuwa na kuiburuta pistoni pamoja nayo. Basi, hiyo ndiyo kazi yake yote. Pedi zikilika hadi pistoni ilazimike kwenda mbele kuliko sili inavyoweza kupinda, pistoni inateleza ndani ya sili mpaka mahali papya, na mchezo unaanza tena kutoka hapo. Ndiyo sababu breki za diski hujirekebisha zenyewe bila mtu kukaza chochote.

Wazo la breki ya diski ni la zamani kuliko watu wengi wanavyodhani. Mwingereza Frederick Lanchester aliisajili hataza yake mwaka 1902. Ilichukua nusu karne kabla ya Jaguar C-Type yenye diski za Dunlop kushinda mbio za Le Mans mwaka 1953, na miaka miwili baadaye Citroën DS ikatoka kiwandani ikiwa na diski mbele. Unyenyekevu wa muundo, vipande vichache visivyohitaji kurekebishwa kila mara, ni sehemu ya kilichozifanya zienee. Unyenyekevu huohuo ndio unaozitesa zikizeeka.

Kwa maana pete ile ina masharti. Inataka pistoni iwe laini kama kioo pale inapoishika. Inataka mfereji inamokaa uwe na umbo lake, usiwe na kutu iliyojaza nyuma yake. Inataka mafuta yawe na njia wazi ya kurudi hadi kwenye kopo lake kule juu. Na pedi zenyewe ziweze kuteleza kwenye vikalio vyao.

Tena magari mengi yana kalipa ya kuelea, yenye pistoni upande mmoja tu, wa ndani. Pistoni inasukuma pedi ya ndani. Kalipa nzima nayo inateleza juu ya pini mbili na kuivuta pedi ya nje ije ibane diski. Mguu ukiondoka hakuna kinachoivuta pedi ya nje irudi. Inategemea pini ziteleze kwa ulaini kiasi kwamba mtikisiko mdogo tu wa diski unatosha kuisogeza. Pini zikikauka, pedi hiyo haina mtetezi.

Kusikiliza gari kabla ya kulifungua

Endesha gari kilomita kadhaa, na mwishoni usikanyage breki; liache lipungue mwendo lenyewe kwenye tambarare. Simama, kisha pima joto la kila gurudumu kwa kipimajoto cha kuelekeza, kile cha miale ya infraredi. Elekeza kwenye diski kupitia matundu ya rimu. Usichukue namba moja ukaogopa. Breki za mbele huwa moto kuliko za nyuma kwa sababu zinabeba kazi kubwa zaidi. Linganisha kushoto na kulia kwenye ekseli ileile. Nyuzi 60 upande mmoja na 150 upande wa pili ni jibu. Nyuzi 60 na 70 si kitu. Kama huna kipimajoto, sogeza kiganja karibu na rimu bila kugusa. Tofauti kubwa utaihisi hata kwa mbali. Usijaribu kumwagia diski maji ya baridi ili uone yanavyochemka, unaweza kuipindisha.

Sikiliza pia usukani. Gurudumu la mbele linaloshikwa muda wote huvuta gari upande wake hata usipokanyaga breki. Gari likienda sawa na kuvuta tu wakati wa kukanyaga, mara nyingi mwenye kosa yuko upande usiovutwa, kwani pistoni yake imekwama na haibani, huku mwenzake anafanya kazi peke yake. Watu wengi hufungua upande usio sahihi kwa kutojua hilo.

Kuna mambo mawili mengine ya kuuliza. La kwanza, ni magurudumu mangapi? Likiwa moja, tatizo lipo hapohapo au kwenye hosi yake. Yakiwa mawili ya pembe zinazokabiliana, tuseme mbele kushoto na nyuma kulia, kumbuka kwamba magari mengi yamegawanywa hivyo kwenye masta silinda, ile pampu kuu inayosukumwa na pedali, kila sakiti (njia yake ya mafuta) ikihudumia pembe mbili, basi macho yaelekee juu. Yakiwa manne, kalipa nne haziwezi kukubaliana kujamu siku moja.

La pili, tatizo linakua? Gari linaloondoka asubuhi likiwa jepesi, likazidi kuwa zito kila kilomita hadi pedali inakuwa ngumu kama jiwe, kisha likisimama nusu saa likajifungua lenyewe, hilo linakuambia karibu kila kitu. Mafuta yamenaswa, yanapata joto, yanatanuka, hayana pa kwenda, yanazidi kubana breki, nazo zinazidi kuyapasha moto.

Asubuhi moja baada ya mvua gari likigoma kuondoka kisha likatoa mlio wa "tak" na kwenda, hiyo ni kutu ya usiku kati ya pedi na diski. Achana nayo.

Skurubu ndogo inayosema kweli

Liweke gari juu ya stendi mahali tambarare. Jeki peke yake si ya kuaminiwa, na magurudumu yanayobaki chini yawekewe kabari. Toa gia, shusha breki ya mkono, zungusha gurudumu. Mlio mwembamba wa pedi kuigusa diski ni wa kawaida. Ukihitaji mikono miwili na kukaza meno, si kawaida.

Sasa mwambie msaidizi akanyage pedali kwa nguvu mara mbili tatu, kisha aondoe mguu kabisa. Zungusha tena palepale. Likiwa limekaza, usiguse chochote kingine. Usigonge kalipa kwa nyundo, usichomoe pini, maana ukiitikisa unaweza kuifungua na kupoteza ushahidi. Nenda moja kwa moja kwenye skurubu ya kutolea hewa, ile yenye kifuniko cha mpira nyuma ya kalipa. Valisha mpira mwembamba unaoonyesha ndani, mwisho wake uzame kwenye chupa, kisha fungua skurubu nusu mzunguko.

Mafuta yakiruka kwa nguvu na gurudumu likafunguka, lilikuwa limeshikwa na mafuta. Kalipa yako huenda haina kosa lolote.

Mafuta yakitoka kwa ulegevu na gurudumu likabaki limekaza vilevile, hakuna presha. Ni chuma.

Kwenye gari la zamani skurubu hiyo yenyewe ni mtihani. Ina tundu katikati, kwa hiyo ni dhaifu, na kutu huishika kama saruji. Ipulizie mafuta ya kulainisha kutu siku moja kabla, tumia spana ya boksi ya pembe sita na si kumi na mbili, igonge kidogo kichwani, jaribu kuikaza kwa nukta kabla ya kuilegeza. Ikikataa usiilazimishe, legeza kiungo cha hosi pale inapoingia kwenye kalipa. Kitachafua, lakini jibu ni lilelile.

Ikiwa jibu ni mafuta, endelea kupanda juu. Funga skurubu, msaidizi akanyage tena, gurudumu lishike, kisha safari hii legeza kiungo cha bomba la chuma kabla ya hosi. Likifunguka, hosi ni nzima na tatizo liko juu zaidi. Likibaki limeshikwa, na ulishaona kwamba ukifungua chini ya hosi linaachia, basi hosi ndiyo iliyoyafungia mafuta.

Hosi, masta na fimbo

Hosi ya breki ina tabaka kadhaa. Ikizeeka, tabaka la ndani huachana na la nje na kufanya kipande kinacholegea kama kifuniko. Mguu wako unasukuma kwa presha inayokipita kipande hicho bila taabu. Kurudi, kinachosukuma ni ile sili yetu nyonge, na kifuniko kinaifungia mlango. Nje huoni kitu. Ukiikata baada ya kuitoa ndipo unaona. Kuna ugonjwa wa jirani yake: kibanio cha bati kinachoishikilia hosi kwenye mwili wa gari kinaingia kutu ndani, kutu inavimba, na inaukaba mpira pole pole. Hapo ukikipanua kibanio, gurudumu linajifungua mbele ya macho yako, lakini hosi badilisha tu. Na zibadilishwe zote mbili za ekseli, kwa kuwa umri wao ni mmoja.

Shida ikiwa magurudumu yote au sakiti nzima, tunahamia masta silinda. Ndani yake, karibu kabisa na mahali pistoni yake inapopumzika, kuna kitundu kidogo sana kinachounganisha mfumo na kopo la mafuta. Pedali ikiwa juu kabisa kitundu kiko wazi, na mafuta yaliyotanuka kwa joto yanapandia hapo. Pistoni ya masta ikishindwa kurudi hata kwa milimita moja ya mwisho, kitundu kinafunikwa, na hapo ndipo unapata ile breki inayozidi kukaza kadiri unavyokwenda.

Kinachoizuia kinaweza kuwa kitu cha kuchekesha. Fimbo ya kusukumia kati ya pedali, busta (kifaa kinachoongezea mguu nguvu kwa ombwe) na masta imerekebishwa ndefu mno, labda mtu alibadilisha masta bila kupima. Au swichi ya taa za breki, ambayo kwenye magari mengi hukaa palepale pedali inapofikia mwisho wa kurudi, imewekwa mbele mno na kuizuia pedali isipande yote. Zulia la sakafuni nalo lina historia yake. Kwa hiyo kabla ya kuigusa masta, inama, shika pedali kwa mkono na uipime: inapaswa kuwa na mchezo mdogo kabla haijaanza kusukuma kitu.

Jaribio lake halina ugumu. Breki zikiwa zimeshika, legeza nati zinazoifunga masta kwenye busta, ivute mbele milimita chache bila kupinda mabomba. Magurudumu yakifunguka, fimbo, busta au pedali ndiyo inayosukuma. Yasipofunguka, legeza mabomba pale yanapotoka kwenye masta. Yakifunguka sasa, masta ndiyo mgonjwa. Gari lenye ABS, mfumo wa kuzuia magurudumu yasijifunge ukikanyaga kwa nguvu, lina kituo kimoja zaidi njiani, basi fungua kabla ya boksi lake na baada yake kwa mantiki ileile.

Busta huweza kujikanyaga yenyewe pia. Zima injini, kanyaga pedali mara tano sita hadi iwe ngumu, yaani umemaliza ombwe lililomo. Magurudumu yakiwa huru sasa, washa injini bila kukanyaga. Yakishika tena, umempata.

Nimalize upande wa mafuta kwa lile ninaloliogopa kuliko yote: mtu kumimina mafuta ya injini au ya usukani kwenye kopo la breki. Mipira ya mfumo huu imetengenezwa kuvumilia mafuta ya breki tu. Ikiguswa na mafuta ya aina hiyo inavimba, inalainika, na hairudi tena. Tazama mpira ulio chini ya kifuniko cha kopo. Ukiwa umevimba na kujikunja kiasi kwamba haukai vizuri, kila sili na kila hosi kutoka masta hadi magurudumuni imeguswa, na kuisafisha bila kuibadilisha ni kujidanganya.

Chuma kilichogoma

Jibu likiwa chuma, mashahidi ni pedi. Zitoe na uzilaze zikiwa zimepangwa zilivyokuwa: ya ndani ndani, ya nje nje.

Pedi mbili za gurudumu moja zisipolingana, moja imekwisha na nyingine bado nene, kwenye kalipa ya kuelea hiyo ni sahihi ya pini zilizokauka. Mara nyingi ya ndani ndiyo huliwa zaidi. Pedi iliyolika kama kabari, nene upande huu na nyembamba ule, inasema pini moja imekwama na mwenzake anateleza, au pedi imejikita upande mmoja kwenye braketi, fremu ya chuma inayozibeba pedi. Zote mbili zikilika sawasawa lakini zimekwisha kuliko za gurudumu la upande wa pili, mshuku pistoni.

Pini ni rahisi kutibu na ndizo zinazosahaulika zaidi. Zichomoe, zifute, kagua kama zina kutu iliyochimba. Safisha na mashimo yake, humo ndimo grisi ya zamani hugeuka lami. Zipake grisi ya silikoni au ya sintetiki iliyotengenezwa kwa ajili ya pini za breki. Grisi ya kawaida ya beringi itavimbisha mpira wa pini na utarudi hapohapo. Usijaze shimo, grisi ikizidi hewa inabanwa na pini inakataa kuzama. Na angalia zilivyokaa kabla ya kuzitoa, kwa sababu kalipa nyingine zina pini mbili zisizofanana, moja ikiwa na kipete cha mpira mwishoni.

Kosa ninalolikuta mara nyingi baada ya mtu kubadilisha pedi kwa haraka lipo kwenye braketi. Masikio ya pedi hukaa juu ya vibati vyembamba vya chuma, na chini ya vibati hivyo kutu huota. Kutu ina ujazo mkubwa kuliko chuma kilichoizaa, kwa hiyo inavisukuma vibati ndani na kupunguza nafasi. Pedi mpya inaingia kwa kugongwa nyundo. Pedi iliyoingia kwa nyundo haitarudi kwa huruma ya sili. Ng'oa vibati, sugua chini yake kwa tupa na brashi ya waya hadi chuma kitupu, weka vipya. Pedi ikae na kuteleza kwa kidole. Wengine hutaka kuikwangua pedi ili iingie. Uchafu uko kwenye braketi, si kwenye pedi.

Pistoni yenyewe hujulikana kwa kuirudisha ndani. Legeza skurubu ya kutolea hewa kwanza ili mafuta machafu yatoke nje badala ya kurudi hadi ABS na masta, kisha ibane polepole kwa kibano. Inapaswa kuingia kwa ukinzani wa wastani, bila kukwamakwama. Kalipa za nyuma zenye breki ya mkono ndani yake mara nyingi huhitaji pistoni kuzungushwa huku ikisukumwa. Ukizibana kwa nguvu tu utavunja kilichomo. Na kwa hizo za nyuma, kabla hujaituhumu pistoni, tazama kama mkono wa kebo ya breki ya mkono unarudi mpaka mwisho wake. Kebo iliyoingia kutu ndani ya ala yake ni maarufu sana kwa kujifanya kalipa mbovu.

Ukiamua kuifanyia kalipa ukarabati, itoe pistoni kwa kutumia pedali ya gari lenyewe kabla hujafungua hosi. Hewa ya kompresa hufyatua pistoni kama risasi, na vidole havina spea. Mpira wa kuzuia vumbi ukiwa umepasuka, utakuta kutu ukingoni mwa pistoni. Madoa mepesi yanasafishika. Vishimo pale sili inapopita, pistoni hiyo imekwisha. Kisha ng'oa sili kwa kijiti cha mbao au plastiki na uchunguze mfereji wake. Hapa ndipo ukarabati mwingi hushindwa. Kalipa ya chuma cha kusubu huota kutu nyuma ya sili, na kutu hiyo huikandamiza sili ikaikaba pistoni. Ukiweka pistoni mpya na sili mpya bila kukwangua mfereji, kalipa itakaza kama mwanzo na utaapa kwamba vipuri ni vibovu. Mfereji ukiwa umeliwa sana, hapo ndipo kalipa mpya inastahili.

Vumbi lililomo usilipulize kwa hewa. Pedi za magari ya zamani zilikuwa na asbesto, na huwezi kuitambua kwa macho. Lilowanishe kwa kisafishio cha breki au maji ya sabuni, ufute, utupe kitambaa. Kalipa nayo isining'inie kwenye hosi wakati unafanya kazi. Ifunge kwa waya kwenye springi ya gari.

Maji yaliyomo ndani ya mafuta

Mafuta ya breki ya kawaida, DOT 3 na DOT 4, hunyonya maji kutoka hewani, hata kupitia kuta za hosi. Kwa viwango vya chini vinavyotakiwa, DOT 3 mpya isichemke kabla ya nyuzi 205 za Selsiasi, na ikishanyonya maji, nyuzi 140. DOT 4 ni 230 na 155. Sasa unganisha na hadithi yetu. Maji hayohayo yalitia kutu pistoni na mfereji wa sili ikajamu. Breki iliyojamu inapika diski na kalipa. Na mafuta yaliyomo ndani ya kalipa hiyo ndiyo yaleyale yaliyopungukiwa uwezo wa kuvumilia joto. Yakichemka yanatoa mvuke, mvuke unabonyea, na pedali inazama hadi sakafuni. Kwa hiyo breki inayogoma kuachia inaweza kugeuka, mteremko mmoja baadaye, kuwa breki isiyoshika kabisa. Watengenezaji wengi husema mafuta yabadilishwe kila baada ya miaka miwili. DOT 5 ni ya silikoni na haichanganywi na hizo nyingine, ingawa jina lake linafanana na DOT 5.1, ambayo ni ndugu yao.

Wakati wa kutoa hewa iliyoingia ulipofungua mfumo, weka kipande cha mbao chini ya pedali isizame hadi mwisho. Kwenye masta ya zamani, ile sehemu ambayo pistoni haijawahi kufika huwa na kutu na utando, na sili zake zikipitishwa hapo mara kumi zinachanika. Umetengeneza kalipa ukaua masta. Mpangilio wa magurudumu ufuate kitabu cha gari. Zile pete bapa za shaba (washa) kwenye hosi ziwe mpya. Mafuta yakidondokea rangi, mwagia maji mara moja, maana huibabua.

Diski iliyopikwa muda mrefu ikaguliwe. Unene wa chini unaoruhusiwa mara nyingi umechapwa ukingoni mwake kwa milimita. Mabaka ya bluu na nyufa ndogo zinazofika ukingoni zinatosha kuihukumu. Pedi zake zilizong'aa kama kigae usizirudishe, na unaponunua nunua za ekseli nzima. Sikiliza na beringi ya gurudumu hilo, kwani grisi yake imepikwa pamoja na vingine.

Kabla gari halijasogea hata hatua, kanyaga pedali mpaka isimame juu na kuwa ngumu. Kisha rudia safari ileile ya mwanzo, njia ileile, mwendo uleule, kusimama bila breki, na upime. Gurudumu lililokuwa moto sasa liwe ndani ya nyuzi chache za mwenzake. Andika namba hizo mahali, upime tena baada ya wiki moja, kwa sababu hosi iliyochanika ndani hujua kutulia siku chache baada ya kushikwashikwa. Zikianza kuachana tena, usiagize kalipa. Shika ile spana ndogo, mwite msaidizi akanyage.